Sista, nitajuaje kuwa ni Mungu na si mimi mwenyewe?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Sista. Mimi ni binti wa miaka 23, nimemaliza masomo mwaka jana na nimeanza kazi. Tangu nilipopata Kipaimara nimekuwa nikihisi huenda naitwa utawani. Sasa kuna kijana Mkatoliki, mtu mwema, ana kazi yake, anataka tuoane na anasubiri jibu. Nilisali novena kwa Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, nikamwomba anionyeshe ua la waridi kama Mungu anataka niwe sista. Siku ya saba mwenzangu kazini alikuja na gauni la mawaridi. Nikaogopa. Nikafungua Biblia bila kuchagua, nikaangukia orodha ya ukoo, majina matupu. Nikafungua tena, nikapata harusi ya Kana. Nimechanganyikiwa kuliko nilivyoanza. Mama anasema anayemkatalia Mungu hapati amani maisha yake yote. Naogopa nikikosea hapa nimekosea yote. Jumamosi huwa naenda kuwasomea wazee kwenye makao yao, na huko ndiko angalau kichwa kinatulia. Kuna bibi mmoja haoni, kila wiki ananifanya nirudie Zaburi ileile na kila wiki anacheka mahali palepale. Nitajuaje mapenzi ya Mungu?

JIBU

Milele amina, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya pili nilicheka, unisamehe. Nilimkumbuka msichana mmoja aliyekuwa na tabia ya kukaa kwenye ngazi za kanisa baada ya Misa akihesabu njiwa juu ya paa: wakiwa shufwa Mungu anamtaka utawani, wakiwa witiri anamtaka aolewe. Msichana huyo ni mimi. Shida ya njiwa ni kwamba hawatulii. Ukifika wa kumi na moja, watatu wameshahamia upande wa pili, unaanza upya. Na ukiwa mkweli utakiri kwamba unaanza upya kwa sababu hesabu ya kwanza haikukupa ulichokitaka. Ilinichukua muda mrefu kujiuliza swali lililokuwa wazi: kumbe kuna ninachokitaka?

Nianze na yale maneno yako, "nikikosea hapa nimekosea yote." Hayo ndiyo yanayokunyima usingizi, wala si waridi. Ndani yake yumo Mungu ambaye mimi simfahamu: msimamizi wa mtihani aliyeficha jibu moja mahali, akakaa pembeni kukutazama unavyopapasa, na kengele ikilia anakusanya karatasi. Sehemu kubwa ya mapenzi yake hakuificha hata kidogo. Paulo anawaandikia Wathesalonike waziwazi kwamba Mungu anataka watakaswe, na sura inayofuata anawaambia wafurahi siku zote, wasali bila kukoma, washukuru kwa kila jambo, maana hayo ndiyo mapenzi ya Mungu kwao. Huhitaji novena ili ujue kama umsamehe mtu, kama ulipe deni, kama useme kweli. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulitenga sura nzima, ya tano, kufundisha kwamba wito wa utakatifu ni wa wote: wenye ndoa, mapadre, watawa, wajane, vibarua. Njia bado huijui, lakini unakokwenda umeshaambiwa.

Kilichobaki mbele yako ni jema na jema. Hilo lishike sana. Kati ya jema na baya hakuna cha kung'amua, hapo ni kutii tu. Mang'amuzi huanza pale ambapo milango yote miwili inafunguka kwa Mungu yuleyule na mtu anauliza ni upi uliochongwa kwa kimo chake. Na hapo, vijana wengi hushangaa nikiwaambia, Mungu hupenda sana kutumia matamanio ya mtu. Yule kipofu Bartimayo alipoletwa mbele ya Yesu, shida yake ilionekana na kila mtu, hata hivyo Bwana alimuuliza: wataka nikufanyie nini? Alitaka kulisikia kutoka kinywani mwake. Katika barua yako yote hukuandika hata mara moja wewe unataka nini. Umeandika Mungu anataka, mama anasema, kijana anasubiri.

Sasa waridi.

Novena sitaki kuivunjia heshima. Ni sala ya kale, na mfano wake ni zile siku tisa ambazo mitume walidumu katika sala pamoja na Bikira Maria, tangu Kupaa kwa Bwana hadi Pentekoste. Lakini wao hawakuomba waonyeshwe kitu ili wajue la kufanya. Walikuwa wanamngoja Roho, ambaye alipofika aliwabadilisha wao wenyewe. Wewe ulimwekea mtakatifu masharti na tarehe. Na ndani ya siku tisa mtu anayetafuta waridi hawezi kulikosa: lipo kwenye kadi, kwenye pazia, kwenye karatasi ya sabuni. Kuhusu kufungua Biblia kwa kubahatisha, nitasema bila kupaka mafuta: hiyo ni ramli iliyovaa rozari. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakataza ramli za kila namna, na hapohapo inasema msimamo wa Mkristo juu ya mambo ya kesho ni kujiachia kwa imani mikononi mwa Maongozi ya Mungu. Anayepiga ramli anataka kuijua kesho ili asilazimike kumtegemea mtu yeyote.

Najua utakachonijibu, kwa sababu vijana hunijibu hivyo kila mara: mbona Mtakatifu Agostino alifungua kitabu akaongoka? Kweli, ilikuwa mwaka 386, katika bustani mjini Milano, alisikia sauti kama ya mtoto ikiimba "chukua usome," akafungua barua ya Paulo kwa Warumi, sura ya 13. Ila tazama vizuri hali aliyokuwa nayo. Agostino hakuwa anauliza afanye nini. Alilijua tangu zamani, alikuwa analia chini ya mtini kwa sababu hakuwa na nguvu ya kulifanya. Yale maneno hayakumpa habari mpya, yalimpa moyo. Gideoni naye, yule wa Agano la Kale aliyemwomba Mungu ishara ya umande juu ya ngozi ya kondoo, ukirudi kusoma vizuri, Mungu alikuwa ameshamwambia la kufanya kabla ya umande.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha nyumbu wa Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1522, mara tu baada ya kuongoka, alikuwa safarini na akafuatana kwa muda na msafiri Mwislamu. Wakazungumza habari za Bikira Maria, yule akasema jambo ambalo Inyasi hakulipenda, kisha akatangulia. Inyasi akabaki nyuma anachemka: amfuate amchome jambia kulinda heshima ya Mama wa Mungu, au amwache? Alipochoka kuwaza aliachia hatamu, nyumbu achague kwenye njia panda. Mnyama akiufuata mji alikoelekea yule msafiri, atamuua. Mnyama akafuata njia nyingine. Inyasi aliyasimulia haya mwenyewe uzeeni, ili watu waone jinsi Mungu alivyoivumilia nafsi ambayo bado ilikuwa kipofu. Uhai wa mtu aliutundika kwenye shingo ya nyumbu, na alidhani huko ndiko kumtii Mungu. Siku ukitamani tena kuomba ishara, mkumbuke nyumbu huyo.

Cha ajabu, wakati huo Inyasi alikuwa ameshapewa njia iliyo bora zaidi, miezi michache tu nyuma, akiwa kitandani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karibu yote ninayoyajua juu ya mang'amuzi yametoka kwenye kitanda hicho.

Mei 20, 1521, risasi ya mzinga ilimvunja mguu akiilinda ngome ya Pamplona. Alikuwa askari mwenye kujipenda: mifupa ilipounga vibaya na kipande kikachomoza chini ya goti, aliagiza kikatwe kwa msumeno, hakuna dawa ya ganzi wakati ule, ili aweze kuvaa buti za kubana zilizokuwa za fasheni. Akiwa amelala wiki baada ya wiki aliomba hadithi za mashujaa na mapenzi. Nyumbani kwao hazikuwepo. Walikuwa na maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu, basi akasoma hayo kwa kukosa mengine. Saa nyingine alikuwa anaota ndoto za mchana juu ya mwanamke wa ukoo mkubwa aliyempenda, maneno atakayomwambia, vita atakavyopigana kwa ajili yake. Aliweza kukaa saa tatu au nne bila kujua muda umepita. Saa nyingine, baada ya kusoma, aliwaza: je, nikifanya kama Fransisko? Nikifanya kama Dominiko? Na huko nako alipata raha.

Mawazo yote mawili yalikuwa matamu yalipokuwepo. Tofauti ilikuja baadaye. Yale ya mwanamke na vita yakishaondoka alijikuta mkavu, hana ladha ya kitu. Yale ya kumfuata Kristo yakishaondoka, utamu ulibaki. Anasema hakulitilia maanani jambo hilo mpaka siku moja macho yake yalipofunguka kidogo akaanza kustaajabu. Basi. Hakuna malaika wala waridi. Mtu amelala, mguu unamuuma, ameona kwamba wazo moja linaacha jivu na jingine linaacha kaa la moto.

Kwa hiyo, binti, ukiniuliza utajuaje, nakuambia: acha kutazama kinachotokea, tazama kinachobaki.

Katika lugha ya Mazoezi ya Kiroho, kitabu alichokiandika baadaye na Papa Paulo III akakiidhinisha mwaka 1548, kinachobaki kinaitwa faraja au ukiwa. Maneno haya yanawapotosha wengi, maana tunadhani faraja ni kujisikia vizuri na ukiwa ni huzuni. Sivyo. Unaweza kulia mbele ya msalaba na hiyo ikawa faraja, kwa sababu machozi yanakusogeza kwa Mungu na kwa watu. Unaweza kuchekelea siku nzima na ukawa katika ukiwa, kwa sababu furaha hiyo inakufungia ndani. Faraja huongeza imani, tumaini na mapendo. Ukiwa ni giza, mahangaiko, uvivu wa sala, hisia kwamba Mungu yuko mbali na mambo yote hayana maana.

Inyasi ameweka kanuni nyingi, ila moja ningeichora ukutani chumbani mwako: wakati wa ukiwa usibadilishe uamuzi uliokuwa umeufanya ukiwa katika faraja. Usivunje uchumba usiku ambao umelia. Usiandike barua ya kuomba kuingia shirikani siku umegombana na mchumba. Ngoja, ongeza sala kidogo, kisha ngoja tena. Nimewaona vijana waliokimbilia utawani kwa kuvunjwa moyo, na wengine waliokimbilia ndoa kwa kuogopa upweke, na wote walikuwa wametumia saa moja mbaya kuamua miaka hamsini.

Kanuni ya pili ni ngumu zaidi: hata faraja inaweza kuwa ya bandia. Paulo anasema Shetani hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru. Kwa mtu mwema kama wewe haji na pembe, anakuja na wazo takatifu. Inyasi anatufundisha kulifuata wazo kutoka mwanzo, katikati, hadi mwisho. Likianza kwa ibada, likapita kwenye majivuno, likaishia kwenye hofu na kuchoka, ulijue lilikotoka hata kama lilivaa kanzu.

Turudi kwenye barua yako ukiwa na miwani hii. Ukiandika habari za utawa, maneno yanayofuata ni "nikaogopa," "nikikosea," "hapati amani." Ukiandika habari za kijana, unaniambia ni mwema na ana kazi, kama mtu anayemwombea mkopo, hujaniambia kama anakuchekesha. Halafu ghafla, unapofika kwa wazee, sentensi inarefuka na bibi asiyeona anaingia na Zaburi yake. Ndipo mahali pekee katika barua yako palipo na mtu. Simaanishi kwamba Mungu anakuita kuwatunza wazee, wala sitakuamulia. Mimi nikikuamulia nitakuwa njiwa mwingine tu. Nasema hapo pana kitu kinachobaki, na sala yako ianzie hapo.

Namna ya kusali, basi. Tafuta nusu saa, saa ileile kila siku, mahali palepale. Mbele ya Ekaristi Takatifu kama unaweza, la sivyo kwenye kiti. Soma kipande kimoja cha Injili, kifupi, mara mbili taratibu. Anza na Bartimayo, Marko sura ya 10 kuanzia aya ya 46. Jiweke kando ya njia ile, sikia vumbi, sikia watu wanaomwambia anyamaze. Yesu akikuuliza unataka akufanyie nini, usimjibu haraka kwa jibu la katekisimu. Mwambie ukweli, hata ukiwa wa aibu. Ukiona huna la kusema kaa kimya. Mtoto Samweli aliitwa usiku, na mara tatu alikwenda kwa Eli akidhani ni yeye. Sauti ya Mungu ilikuwa inafanana na sauti aliyokwisha kuizoea. Ilibidi mzee, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia, amwambie ni nani anayemwita.

Ukimaliza andika mistari mitatu kwenye daftari, isizidi: niliwaza nini, nilijisikiaje, kimebaki nini. Jioni kabla ya kulala pitia siku yako kwa namna hiyohiyo, dakika kumi zinatosha. Inyasi aliwaruhusu Wajesuiti, watawa wa shirika aliloanzisha, kufupisha sala nyingi wakizidiwa na kazi, lakini uchunguzi huo wa siku hakutaka uachwe. Usijisomee daftari kila siku kama mtu anayechimbua mbegu kuona kama imeota. Lisome baada ya mwezi.

Ndani ya mwezi huo nakupa zoezi moja ambalo sisi tunaosindikiza vijana hulitumia mara nyingi. Siku tatu ishi kama mtu ambaye ameshaamua kuingia utawani. Usimwambie yeyote. Amka hivyo, panda gari hivyo, fanya kazi hivyo, lala hivyo. Pumzika siku moja. Kisha siku tatu ishi kama mtu aliyeshamkubali yule kijana. Na usiwaze siku ya nadhiri wala siku ya harusi, hizo ni siku za maua na picha, zinamdanganya kila mtu. Waza Jumanne. Jumanne ya mwaka wa tisa, katika jumuiya yenye masista sita ambao mmoja wao anakukera kwa anavyokohoa. Jumanne ya mwaka wa tisa, mtoto ana homa na mume amechelewa kurudi. Andika kinachobaki.

Kama bado moyo haujasema kitu, Inyasi ana njia ya akili tupu: andika sababu za upande huu na za upande ule, zipime. Kisha mfikirie mtu usiyemjua kabisa, ambaye unamtakia mema yote, amekuja kwako na hali kama yako. Ungemshauri nini? Na ujione siku ya kufa kwako: ungetamani uwe umechagua lipi? Wengi hukwama kwenye la kwanza na kufunguliwa na la pili. Mimi nilifunguliwa na la yule mtu nisiyemjua. Nilimshauri bila kusita hata dakika, ndipo nikagundua nimekuwa mkarimu kwake kuliko nilivyokuwa kwangu.

Watakatifu. Umemwendea Teresa kwa ajili ya ua, nami nakuomba umrudie kwa ajili ya maisha yake, maana yeye hakupewa waridi lolote. Aliijua hamu yake mapema: aingie Karmeli, monasteri ya masista Wakarmeli, ya Lisieux huko Ufaransa akiwa na miaka 15. Baba yake alikubali. Mjomba akakataa kwanza. Padre msimamizi wa monasteri akakataa. Akaenda kwa askofu, na siku hiyo kwa mara ya kwanza alizibana nywele zake juu ya kichwa ili aonekane mtu mzima. Askofu hakutoa jibu. Novemba 20, 1887, akiwa Roma na mahujaji, alipiga magoti mbele ya Papa Leo XIII na kuomba ruhusa ingawa walikuwa wamekatazwa kusema. Papa akamwambia ataingia Mungu akipenda. Walinzi wakamwinua na kumtoa analia. Aliingia Aprili 9, 1888, baada ya kusubirishwa tena Kwaresima nzima. Ona alivyofanya: alikuwa na hamu yenye nguvu, akaipeleka kwa Kanisa waziwazi, akakataliwa, akalia, akatii, akaendelea kuomba.

Tena kuna jambo ambalo watu hawalitaji. Septemba 1896, akiwa na zaidi ya miaka minane ndani ya monasteri, Teresa bado alikuwa anauliza wito wake ni upi! Alitamani kuwa mmisionari, padre, mfiadini, mwalimu wa Kanisa, vyote kwa pamoja. Aliposoma Wakorintho wa Kwanza, sura ya 12 na ya 13, ndipo akaandika kwamba amepata: ndani ya moyo wa Kanisa atakuwa upendo. Mwaka mmoja baadaye alikufa, Septemba 30, 1897, ana miaka 24, na miezi yake ya mwisho imani yake ilikuwa gizani. Ukidhani kwamba ukishaingia utawani au ukishavaa pete maswali yatakwisha, mwulize yeye.

Na wazazi wake je? Louis Martin alitaka kuwa mtawa milimani, akarudishwa kwa kutojua Kilatini. Zélie aliomba kwa masista waliohudumia hospitali ya Alençon, wakamkataa. Walioana mwaka 1858, na siku ya harusi Zélie alimtembelea dada yake aliyekuwa mtawa, akalia kuliko alivyowahi kulia. Waliishi karibu miezi kumi kama kaka na dada, wakidhani ndio utakatifu, mpaka muungamishi mmoja alipowashauri vingine. Walizaa watoto tisa. Watano waliokua wote wakawa watawa, Teresa akiwa kitinda mimba. Papa Fransisko aliwatangaza watakatifu pamoja mwaka 2015. Gianna Beretta Molla, daktari, alitamani kwenda Brazil kwenye misioni alikokuwa kaka yake Mkapuchini. Afya yake haikuruhusu, mwaka 1955 akaolewa, naye leo ni mtakatifu akiwa mke na mama. Soma mmoja wao hadi mwisho kabla hujamwomba chochote. Tunawaomba watakatifu watuombee, na urafiki huanzia kwenye kusikiliza.

Mimi pia shirika la kwanza nililoliomba lilinikataa kwa barua ya mistari minne. Niliichukua kama hukumu ya Mungu kwa muda wa miaka miwili. Ilikuwa tu barua ya mistari minne.

Tuje kwa mama yako. Mheshimu, mpende, na umwambie kwa upole kwamba Kanisa lenyewe halimpi ruhusa anayoichukua. Kanuni ya 219 ya Sheria za Kanisa inasema waamini wote wana haki ya kutolazimishwa kwa namna yoyote katika kuchagua hali ya maisha. Nadhiri zilizowekwa kwa kulazimishwa si halali, na ndoa vilevile. Ukiingia unovisi, yaani kipindi cha malezi na majaribio kabla ya nadhiri, hujafungwa: ni miezi 12 isiyopungua, kisha nadhiri za muda, kwa kawaida miaka 3 hadi 6, ndipo za daima. Miaka yote hiyo shirika nalo linakung'amua wewe. Wito hauthibitishwi na moyo wako peke yako. Unathibitishwa pale hamu yako na sauti ya Kanisa zinapokutana. Kwenda kukaa na masista wiki mbili au tatu kutakufundisha mengi kuliko novena nane.

Tafuta pia mtu mmoja wa kukusindikiza: padre, sista au mlei aliyekomaa katika sala. Asiwe ndugu, asiwe mwenye haja na jibu lako. Umwonyeshe daftari. Akianza kukuambia Mungu amemwonyesha kwamba wewe utakuwa sista, mshukuru kwa chai na usirudi.

Na yule kijana. Hili halihitaji mwezi. Mwambie wiki hii kwamba kuna swali la utawa moyoni mwako, kwamba unalisali, na kwamba hujui. Mpe muda unaoujua, miezi mitatu tuseme, asikae tu anangoja. Kumweka mtu akiba huku unamwomba Mungu mwanga ni kosa ambalo halina mang'amuzi. Namna atakavyoipokea habari hiyo nayo itakuambia kitu juu yake, na kimo cha utulivu utakaorudi nao nyumbani kitakuambia kitu juu yako. Andika.

Daftari likijaa mwezi mmoja niandikie tena. Lile gauni la mawaridi, kama ni zuri, mwulize mwenzako alikolinunua. Nami Jumamosi, saa unayowasomea wazee, nitakuwa kanisani. Ni Zaburi ya ngapi hiyo inayomchekesha bibi?

Wako katika Kristo,
Sista